Bibi wa Kariakoo Nyingine

Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake, Bibi aliniambia anatoka Kariakoo, nami nikamwamini.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Quakers Hill, pembezoni mwa Sydney, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha treni. Nilikuwa nimeacha kazi ya ghala kule Wetherill Park, ambako nilifunga maboksi miaka mitatu mpaka kiwiko cha mkono wa kulia kikagoma, nikasomea kozi ya kuhudumia wazee majumbani. Huyu alikuwa mteja wangu wa tano. Mratibu wetu alikuwa ameniandaa kwenye simu: bibi wa miaka themanini na sita, amevunjika nyonga, ametoka hospitali juzijuzi, hataki kula, na ameshawafukuza wahudumu watatu.

"Jaribu wiki mbili," alisema. "Ukishindwa hatutakulaumu."

Nilimkuta jikoni, ameketi wima, fimbo katikati ya magoti, kichwani kitambaa cha maua kilichofungwa vile wanavyofunga mama zetu siku ya Jumapili. Alikuwa mweusi kuliko mimi. Nikamwuliza swali ambalo watu weusi wote huulizana wakikutana mji huu: umetoka wapi?

"Kariakoo," akasema.

Mimi nilizaliwa Fizi, mashariki ya Kongo, lakini nilikulia Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu, na mtoto wa Nyarugusu haelezwi Kariakoo ni wapi. Viatu vyangu vya kwanza vya shule vilitoka huko, vyote viwili vya mguu wa kushoto, na nilivivaa hivyo hivyo. Basi nikajua nimepata bahati. Nikaweka mkoba chini nikamwaga Kiswahili chote nilichokuwa nacho. Shikamoo bibi, kumbe wewe ni mtu wa Dar, mbona hawakuniambia, na afya yako, na hii baridi unaionaje?

Alinitazama kama mtu anayetazama redio iliyoharibika.

"Mwanangu," akasema kwa Kiingereza, "hiyo ni lugha gani?"

Kariakoo yake haikuwa soko. Ilikuwa kisiwa. Alinyoosha fimbo kwenye mlango wa friji, palipobandikwa ramani iliyofifia, nami nikainama kuisoma. Carriacou, ndivyo kinavyoandikwa, lakini wenyewe wakikitamka utaapa wanakwenda kununua vitenge. Ni sehemu ya nchi ya Grenada, katika bahari ya Karibi, upande wa pili kabisa wa dunia. Mtu mwenye miguu mizuri, alisema, anakivuka asubuhi moja na bado anapata muda wa kugombana na jirani.

"Na wewe unatoka wapi?" akaniuliza.

"Kongo, Bibi."

Fimbo iligonga sakafu. "Nani amekutuma useme hivyo? Binti yangu?"

Binti yake, muuguzi katika hospitali ya Westmead, alikuwa ameondoka kwenda kazini kabla sijafika. Hatukuwa tumeonana bado. Nilimwambia hakuna aliyenituma, mimi ni Mkongo tu, tupo wengi Blacktown, anaweza kupita pale stesheni akatuhesabu. Alinipima kwa macho toka kichwani hadi viatuni. Halafu akanieleza, polepole, jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani.

Kisiwani kwao, alisema, kila ukoo unajua taifa lake. Hakumaanisha Grenada. Alimaanisha mahali ambapo babu wa babu zao walichukuliwa utumwani. Jina hilo hupita kwa baba, kutoka kizazi hadi kizazi, hata kama kila kitu kingine kimesahaulika. Kuna ngoma tatu, na mpigaji akipiga mdundo wa taifa fulani, watu wa taifa hilo ndio huingia ulingoni kwanza. Baba yake alikuwa Kongo. Kwa hiyo na yeye ni Kongo.

"Miaka themanini na sita nimeitwa Kongo," akasema, "na sijawahi kumwona Mkongo kwa macho yangu. Leo nimeletewa mmoja aje kunikata kucha."

Hapo akafumba macho akaimba. Sauti ilikuwa imechoka lakini haikutetemeka. Ulikuwa wimbo mfupi, unajirudia, unaopanda kidogo mwishoni kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Alipomaliza alifumbua macho, akaniuliza kwa upole ambao sikuutarajia: "Wimbo unasema nini?"

Sikuelewa hata neno moja. Kibembe ninakijua, na Kifuliru kidogo, na Kiswahili, na Kifaransa cha kuombea radhi. Lakini Kongo ni kubwa. Kutoka Fizi hadi kule magharibi ambako meli zilikuwa zikiwachukua watu wa Bibi, ni mbali kama kuvuka nchi tatu nne za watu wengine. Ningeweza kubuni. Uso wake ulikuwa unanisihi nibuni.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Hiyo si lugha yangu."

Aligeuzia uso dirishani. Siku ile alikataa uji, akakataa chai, na kucha akanikatalia pia.

Jioni nilimsimulia mume wangu. Alicheka akasema, "Si ungemwambia ni wimbo wa mavuno? Nani angejua?"

"Angeniuliza tena kesho," nikamjibu, "na mimi kesho ningekuwa nimesahau."

Jumatano nilirudi nikitegemea kufukuzwa. Hakunifukuza, lakini hakunisemesha. Nilimwogesha, nikamsaidia mazoezi ya kutembea, mara nne kutoka jikoni hadi mlango wa nyuma, nikampikia supu ya karoti kama ilivyoandikwa kwenye mpango wa chakula. Alivuta kijiko kimoja akalisukuma bakuli. Saa sita na nusu ulikuwa muda wangu wa kula, kwa hiyo nikakaa kwenye ngazi za nje nikafungua kopo langu: bugali wa jana, na mbaazi nilizopika kwa tui la nazi kama nilivyofundishwa na jirani mmoja Mtanzania.

Nikasikia fimbo nyuma yangu. Alikuwa ametembea peke yake hadi mlangoni, jambo ambalo hakuruhusiwa kulifanya.

"Nani amekupa kuku?"

"Hii si kuku, Bibi. Ni bugali. Unga wa mahindi."

"Mahindi ndiyo kuku," akasema kwa hasira. "Umesonga kwa mwiko?"

"Kwa mwiko."

"Na hizo ni mbaazi zenu au zetu?"

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba bugali kwao unaitwa kukuu, na kwamba mahindi na mbaazi ndivyo vitu viwili ambavyo kisiwa kile kikavu kimewalisha tangu enzi. Kazini tuna sheria: chakula chako usimpe mteja. Niliifahamu vizuri, nilikuwa nimeitia sahihi. Bibi alinyoosha mkono. Nikamshika, nikamkalisha kwenye ngazi ya juu, nikampa kopo. Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota mbaazi. Alikula bila kusema mpaka nusu ya kopo ikaisha. Halafu akanirudishia.

"Wako ni mgumu mno," akasema. "Lakini umeusonga vizuri."

Niliandika kwenye daftari la huduma kila kitu, pamoja na kosa langu. Binti yake alisoma jioni ile akanipigia simu. Nilidhani anataka kunilaumu. Alikuwa analia.

"Dada," alisema, "amekula kiasi gani? Niambie kweli."

Kuanzia siku hiyo alininunulia unga yeye mwenyewe, na mbaazi kavu kutoka duka la Wahindi, akampigia mratibu wangu wakabadilisha mpango wa chakula. Wiki mbili zikapita, zikawa miezi. Nilikwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Bibi aliketi karibu na jiko akinisahihisha, nami nikisonga akawa anasimulia.

Alisimulia kisiwa ambacho wanaume walikuwa kama mvua: walikuja kwa msimu. Walikwenda kuchimba mafuta Trinidad na Aruba, wakaenda Uingereza kuendesha mabasi, wakaenda baharini. Wanawake walibaki na mashamba, na mbuzi, na wazee, na watoto wa kila mtu. Nyumba zilijengwa kwa barua. Barua ya mwaka huu ni msingi, ya mwaka ujao ni kuta za chumba kimoja, na ukipita barabarani ukaona nyumba imesimama kwenye madirisha miaka mitano, ulijua mume ameugua huko aliko au ameoa. Ya kwake ilichukua miaka kumi na minne. Mumewe alikuwa baharia, akarudi wakati wa kuweka paa, akaketi chini yake miezi minane, akafariki. Bibi alisema hivyo bila kusononeka. "Aliliona paa," alisema. "Wengine hawakuliona."

Alifanya kazi gani yeye? Nilimwuliza. Akacheka. Kulima, kushona sare za shule, kuoka mikate kwenye tanuri la mawe, kuuza samaki wa kukausha, kuandikia barua wale wasiojua kuandika. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, walifungulia mbuzi na ng'ombe wakazurura kisiwa kizima, kila mmoja akimjua wake kwa uso. Alinielezea uso wa mbuzi mmoja kwa muda mrefu kiasi kwamba nadhani nikimwona nitamsalimia.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mbili. Yeye ukimsemesha Kiswahili anaelewa, lakini anakujibu Kiingereza, na nyanya yake aliyeko Kigoma, mama wa baba yake, hakijui. Kila simu yao huishia kwenye salamu na kucheka kwa aibu. Likizo moja sikuwa na mtu wa kumwachia nikaomba ruhusa, nikaenda naye Quakers Hill. Niliporudi kutoka kuanika nguo niliwakuta wameinamia meza, Bibi akimfundisha kushona kifungo na kumweleza jinsi mwanamke anavyotakiwa kuishika sketi akiingia ulingoni. Binti yangu alikuwa anauliza maswali. Sikuwahi kumsikia akimwuliza mzee yeyote swali la pili. Nilikaa kwenye korido na beseni langu tupu, nikawaacha wamalize.

Kisha kimbunga kikaja.

Hapa yalikuwa majira ya baridi, na huko kwao msimu wa vimbunga ndiyo kwanza unafunguka. Niliingia Jumatano nikakuta binti yake hajaenda kazini. Televisheni ilikuwa imewashwa lakini imezimwa sauti. Kisiwa chote, alinieleza kwa kunong'ona, kisiwa chote kimepigwa. Kwenye picha zilizopigwa kutoka angani hakukuwa na paa. Vilima vilivyokuwa kijani vilikuwa vya rangi ya udongo, kama vimeungua. Simu za kule hazikupatikana siku tatu. Dada mdogo wa Bibi na wajukuu wake walikuwa wakiishi kwenye ile nyumba ya miaka kumi na minne.

Bibi hakulia. Aliketi mahali pake jikoni na mikono juu ya fimbo. Nilimsongea bugali akaula, nadhani kwa kunihurumia. Siku ya nne simu ikaita. Wote wazima. Walijificha bafuni, wakatandika godoro juu yao, na paa lilipoondoka walilisikia likienda kama treni. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akakata simu, akatuangalia mimi na binti yake.

"Tutafanya saraka," akasema.

Nilisikia sadaka. Kwetu kanisani sadaka ni kikapu kinachopita. Nikadhani anataka kuchanga. Lakini yake ilikuwa saraka, na ilikuwa chakula. Mtu akinusurika, alisema, au akiota wazee wake wanalalamika, au akiingia nyumba mpya, anapika masufuria makubwa nje, kwa kuni, analisha kila anayepita, na watoto ndio wa kwanza. Neno hilo lilifikaje kisiwani sijui. Labda lilipanda meli moja na babu zao.

"Mama," binti yake akasema, "tuko Sydney. Majirani wataita zimamoto. Na utamlisha nani? Watu wa kwetu mji huu hawajazi gari."

Bibi alininyooshea fimbo. "Huyu ana watu."

Ni kweli, nina watu. Sisi Wakongo wa Blacktown tuna masufuria ambayo mtoto anaweza kuogelea ndani yake, tuna akina mama wanaopikia harusi ya watu mia nne bila kuandika chochote, na nyuma ya ukumbi tunaosalia pana uwanja wa saruji tunaporuhusiwa kuwasha mkaa. Lakini nina mchungaji pia. Bibi alikuwa amenisimulia kwamba kwenye saraka huwekwa sahani ya wazee, chakula cha waliokufa, na hakuna anayeigusa. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, nikisonga na kufikiri.

Jumapili baada ya ibada nilimwendea mchungaji nikamweleza yote. Kiongozi wa akina mama alikuwa amesimama karibu, mama wa Kirundi aliyeishi Tanzania kambini miaka mingi kuliko mimi.

"Wataita wafu?" mchungaji akauliza.

"Wataita watoto," nikasema. "Ndio wanaokula kwanza."

Alikunja uso. Yule mama akaingilia. "Baba mchungaji, mwanamke nyumba yake imeezuliwa paa, na anachotaka ni kulisha watu. Mimi nimekula chakula cha watu nisiowajua miaka kumi na saba. Sikuuliza kilikuwa sadaka ya nani."

Mchungaji akasema tutaanza kwa maombi, na yeye ataomba mwenyewe. Nikarudisha jibu kwa Bibi. Alisema maombi ni mazuri, kwao pia huanza kwa kuomba msamaha kwa kupiga magoti, ila nyonga yake itaombea kwenye kiti.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya baridi kali na jua safi. Tulianza asubuhi. Akina mama walileta sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki, kuku wa kweli; mbaazi na bugali zilikuwa za Bibi. Tulimweka kwenye kiti chenye mikono karibu na moto, blanketi magotini. Alikataa kabisa bugali usongwe mweupe. Alikuwa amemtuma binti yake kutafuta unga wa manjano. Mume wangu na wanaume wawili niliofanya nao kazi ghalani walisonga kwa zamu, jasho likiwatoka kwenye baridi, Bibi akiwaambia wanasonga kama watu wanaobembeleza mtoto. Watu wa visiwa vyake walikuja saba. Mmoja alikuwa ameendesha gari saa mbili kutoka Newcastle.

Kisha ikatokea shida ndogo. Kwetu wageni na wazee ndio hupakuliwa kwanza, na watoto hula mwisho, wakiwa wamesimama. Akina mama walikuwa wameshaandaa meza ya mchungaji na wazee wa kanisa, na kitambaa cheupe. Bibi akagonga fimbo. Hakuna mtu mzima anayegusa sahani, alisema, mpaka mtoto wa mwisho ameshiba. Nikatafsiri. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye njaa, alinitazama kana kwamba sheria nimeitunga mimi. Lakini mchungaji aliinuka kutoka kwenye kile kitambaa cheupe, akachukua upawa, akaanza kuwapakulia watoto kwa mkono wake. Walikula wakiwa wamekaa mezani kwa wazee. Sijawahi kuona watoto wetu wakila kwa adabu vile. Nadhani waliogopa kuwa ni kosa na litasahihishwa.

Walipomaliza, Bibi aliniita. Alinipa sahani iliyofunikwa kitambaa, akaniomba niiweke kwenye meza ndogo pembeni ya ukuta. Nilijua ni ya nani. Nikaichukua. Njiani, kama hatua kumi hivi, nilimfikiria mama yangu, aliyelala Nyarugusu chini ya msalaba wa mbao ambao bila shaka mchwa wameshaumaliza. Bibi alikuwa ameniambia kwamba kwao kaburi hukaa miaka bila jiwe mpaka ukoo ujiweze, na siku ya kuweka jiwe ni karamu. Kwa hiyo hakuna aliyechelewa, ila bado siku yake haijafika. Niliiweka sahani pale. Sikuita mtu, wala sikuomba kitu. Nilinyoosha tu kitambaa kilipojikunja, nikarudi kwenye moto.

Alasiri Warundi wakaleta ngoma. Hawakujua mdundo wa Bibi, na yeye hakuujua wao, wakapatana katikati. Alisimama. Binti yake upande mmoja, mimi upande mwingine, na yeye akashika sketi kwa vidole viwili, akaimba ule wimbo wake wa siku ya kwanza. Hakucheza kwa miguu. Alicheza kwa mabega na kwa ile sketi, na ilitosha. Akina mama walipiga vigelegele mpaka nikaona wapita njia wamesimama kwenye uzio.

Wimbo ulipokwisha, baba mmoja fundi magari, mzaliwa wa Kinshasa, alisogea. Alisema mama yake alikuwa mtu wa magharibi, wa Bas-Congo, na kwamba katika wimbo ule kuna neno moja amelitambua. Mengine hayajui, au yamechakaa.

"Neno gani?" Bibi akauliza.

"Nzo. Ni nyumba."

"Nyumba gani?"

"Wimbo hausemi nyumba gani, Mama. Unasema nyumba tu."

Bibi aliwaza. "Basi ni yangu," akasema, "na haina paa." Akaanza kucheka, na alipocheka yeye sote tukacheka, hata wale ambao hawakuwa wamesikia.

Kabla watu hawajaondoka, wanaume wa ghalani walifungua magari yao. Walileta turubai, misumari, nyundo, glavu, taa za jua, kamba. Hakuna aliyewaambia. Wao ni watu waliowahi kukaa chini ya turubai, na wanajua ni nini kinachohitajika kwanza. Tukapata mapipa mawili ya plastiki ya bluu ya kupelekea mzigo kisiwani, na juma lililofuata tukayapakia kwenye gereji ya Bibi.

Hapo ndipo nilipomwona katika fani yake. Maisha yake yote alikuwa amepokea mapipa kutoka Uingereza na Brooklyn: sabuni, biskuti, viatu, mapazia, vyote vikinuka pamoja, watoto wa mtaa mzima wamezunguka siku ya kufunguliwa, kila mmoja akitegemea penseli. Alikuwa hajawahi kutuma. Aliketi kwenye kiti cha bustani akatuongoza kwa fimbo. Sabuni isikae na mchele. Kiatu kisisafiri kitupu, kijazeni misumari. Binti yangu alitiwa ndani ya pipa hadi kiunoni akanyage matandiko.

"Hewa hatuitumi," Bibi alisema. "Hewa wanayo."

Wakala wa mizigo aliisoma ile anwani mara tatu, akaniuliza kama nina hakika si Dar es Salaam. Nilimwambia nina hakika.

Mapipa yalichukua zaidi ya miezi mitatu. Katikati, Bibi alipata nguvu. Alitembea hadi kituo cha treni na kurudi, akaamua kwamba mimi nimfunge kitambaa na yeye ajikate kucha mwenyewe. Mratibu wangu alishangaa kwamba bado niko. Jumapili nyingine huja kanisani kwetu, hukaa mstari wa mbele, na hulalamika kwamba mahubiri ni marefu ingawa hayaelewi. Mama wa Kirundi humletea mbaazi.

Wiki iliyopita, Ijumaa, simu ya video ikaita nikiwa namkausha miguu. Alikuwa dada yake. Fundi amemaliza, alisema, njooni muone. Picha iliyumba, ikaonyesha anga, ikaonyesha mguu wa mtu, halafu ikatulia: nyumba, kuta zilezile, na juu yake paa jipya la mabati linalong'aa. Watu wamesimama mbele wakipunga mikono. Mti mmoja nyuma, uliokuwa umebaki kisiki, ulikuwa umetoa majani.

Bibi alisogeza uso karibu na simu.

"Kuta zina rangi gani?"

"Waridi," dada yake akajibu kwa furaha. "Rangi ilitolewa bure."

"Waridi! Miaka hamsini nyumba ni bluu, nani amewaambia waridi?"

Wakaanza kugombana, wazee wawili, mmoja hapa asubuhi na mwingine kule jioni, kila mmoja akipaza sauti kana kwamba simu haipo na bahari ndiyo ya kuvukwa. Mimi nilimvalisha soksi, nikaweka sufuria ya maji jikoni, nikasubiri yachemke.